Huyu Mtoto Ataanguka

Shule yenyewe iko Kisarawe, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka barabara ya lami. Nilikwenda na dami, yaani nakala ya majaribio, ya kitabu cha kurasa 16: michoro ya penseli imebandikwa kwenye karatasi zilizokunjwa katikati na kupigwa pini mbili, maneno yameandikwa kwa mkono chini ya kila picha. Hadithi ilimhusu msichana anayeachiwa mdogo wake siku nzima. Mhariri alikuwa ameipitisha, mwandishi ameridhika, na mimi nilikuwa nimeupenda sana ukurasa wa 6, ambapo yule msichana anapita kwenye njia ya vumbi, mdogo wake yuko mgongoni kwenye mbeleko, na jua la jioni liko nyuma yao.

Darasa la pili walikuwa wengi, wamebanana wanne wanne kwenye dawati la watu wawili. Sikuwasomea. Niliwafungulia ukurasa mmoja baada ya mwingine, nikawauliza wanaona nini. Tulipofika ukurasa wa 6, msichana mmoja wa dawati la mbele alisogea, akaweka kidole juu ya mbeleko niliyoichora, akasema:

"Huyu mtoto ataanguka."

Nikamwuliza kwa nini. Hakunijibu kwa maneno. Alimgeukia mwalimu wake, akaomba kanga iliyokuwa imetundikwa kwenye kiti, akamwita mwenzake mwenye mwili mdogo, kisha akainama mpaka mgongo ukalala kama meza. Mwenzake akampanda. Akairusha kanga nyuma ikawafunika wote wawili, akaupitisha upindo wa juu chini ya makwapa yake na kuufunga kifuani, halafu akaushika upindo wa chini, akauvuta mpaka ukakaa vizuri chini ya makalio ya mwenzake, akauzungusha kiunoni na kuukaza kwa fundo la pili. Miguu ya aliyebebwa ikatokeza huku na huku, magoti yamekunjwa kama ya chura. Ndipo akasimama wima, akaachia mikono yote miwili, akaruka mara mbili. Mwenzake hakuteleza hata kidogo.

Nikaitazama picha yangu. Nilikuwa nimechora fundo moja begani, kitambaa kinaning'inia nyuma kama mfuko, na ndani yake mtoto amenyoosha miguu pamoja kama aliyesimama. Chini yake hapakuwa na kitu kinachomshika. Angeanguka kweli, tena kabla dada yake hajamaliza hatua tatu.

Wakati huo nilikuwa na mtoto wangu wa miaka mitatu. Nilikuwa nimembeba kwa mbeleko tangu akiwa na miezi michache, nikipika, nikifua, nikichora. Mgongo wangu ulijua fundo linakaa wapi. Lakini nilipokaa mezani sikuuliza mgongo. Nilichora mbeleko kama nilivyozoea kuziona kwenye kadi, kwenye mabango, kwenye vitabu vya wenzangu, na wao pengine walizitoa kwenye picha za watu wengine tena. Picha ilikuwa imezaa picha, na njiani fundo la pili likapotea.

Nilitoa raba na penseli nikaanza upya palepale, dami nimeiegemeza ubaoni. Yule msichana akasimama pembeni, mwenzake bado yuko mgongoni, akawa ananielekeza. "Goti bado, mama." "Hapo kaza." "Kichwa kilale." Kichwa nilikuwa nimekisahau kabisa. Mtoto aliyebebwa sawasawa hulaza shavu, na shavu likibanwa na mgongo mdomo hufunguka kidogo upande mmoja. Nilichora na huo mdomo. Darasa zima likacheka, na lilikuwa cheko la watu waliomtambua mtu wanayemjua.

Nachora vitabu vya watoto tangu mwishoni mwa miaka ya tisini. Nimefundishwa na watu wengi, wengine wana majina makubwa katika kazi hii, lakini somo la siku ile ndilo ninalolirudia kila ninapopokea mswada mpya.

Nilizaliwa Tanga. Mama alikuwa na meza ya kanga Ngamiani, na kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kukunja doti ambazo wateja wamezifunua na kuziacha. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na chini ya mji ina jina. Nilikuwa nawatazama wanawake wanavyoishika. Kwanza wanasoma jina, wananyamaza, kisha macho yanapanda kwenye mji, yanazunguka pindo, yanarudi tena kwenye jina. Nakumbuka moja yenye korosho kubwa katikati, imeandikwa "Wema hauozi". Korosho hazielezi wema, wala maneno hayataji korosho. Lakini ukiviona pamoja unasimama. Mama alikuwa akisema kanga yenye maneno yanayotaja kilichochorwa haitoki, itakaa mezani mpaka rangi ipauke.

Miaka ya themanini karatasi ilikuwa ya kutafuta. Daftari tulilitumia mpaka ndani ya jalada. Mimi nilichora kwenye maboksi yaliyoletea mzigo, kwa mkaa na kwa kalamu za Bic zilizokwisha nusu. Kaka yangu alikuwa akipata hela ananunua gazeti la katuni la Sani, nami nikawanakili Ndumilakuwili na Pimbi mpaka kurasa zikachanika. Nililolipata pale ni hili: mtu anayekimbia humtambui kwa miguu, unamtambua kwa mgongo. Ukikosea mgongo, hata ukimpa miguu minne hatafika popote.

Mwaka 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania. Mtu wa leo hawezi kuelewa maana yake bila kujua hali ilivyokuwa: kitabu cha hadithi cha Kiswahili, chenye picha, cha mtoto wa miaka saba, ungeweza kukitafuta mji mzima usikipate. Mradi uliwahakikishia wachapishaji kwamba sehemu ya nakala zitanunuliwa na kupelekwa shuleni, hivyo mchapishaji akawa na sababu ya kuthubutu. Uliandaa pia warsha za waandishi na wachoraji. Mimi niliingia kwenye kazi kwa mlango wa warsha. Mwezeshaji wetu wa kwanza alituletea kuku hai, akamfunga mguu kwenye meza, akatuambia tumchore mara ishirini: kwa mbele, kwa nyuma, anadonoa, amelala, ameshtuka. Nilidhani ni mazoezi ya kuku. Kumbe alikuwa anatufundisha mhusika, kwamba kuku wa ukurasa wa 2 ndiye awe kuku wa ukurasa wa 14, hata akigeuka mgongo. Mpaka leo kila mhusika wangu ana karatasi yake ukutani kabla sijagusa kitabu, amechorwa kwa kila upande, akilia, akila, akikimbia. Na nguo zake nimeziandikia rangi pembeni, maana watoto wa darasa la kwanza watakukamata ukibadilisha rangi ya kifungo.

Kitabu changu cha kwanza kilinitoa machozi. Nilikipaka kwa rangi za maji, kahawia nzuri za kila namna, nikapeleka kwa mchapishaji nikiwa na furaha. Zilipotoka nakala, nyuso zote zilikuwa giza. Bibi, mama, watoto wanne, wote wamekuwa vivuli vyenye meno. Nilichukua nakala moja nikaenda nayo kwa mpiga chapa mwenyewe, nimejiandaa kugombana. Fundi wa mtambo, mzee aliyekuwa na wino mpaka kwenye viwiko, hakugombana nami. Aliniletea karatasi mbili, moja laini ya kung'aa na moja ya kawaida ya gramu 80, akadondosha tone la wino juu ya kila moja.

"Tazama, dada. Hii inakaa nalo juu. Hii inalinywa."

Tone la kwanza lilibaki tone. La pili lilitanuka, likawa na ndevu. Akanieleza kwamba rangi zote za kitabu zinatoka kwenye wino wa aina nne, samawati, majenta, njano na mweusi, unaopigwa kwa vidoto vidogo sana. Karatasi ya bei nafuu, ambayo ndiyo vitabu vingi vya shule huchapwa juu yake, hunywa wino na kila kidoto hunenepa. Sehemu nyeupe hainenepi, kwa hiyo haiharibiki sana. Ila kahawia ya ngozi yetu imetengenezwa kwa wino wa aina tatu au nne kwa pamoja, na vidoto vyote vikinenepa kwa wakati mmoja, sura inazama. Yaani mitambo ile ile, karatasi ile ile, mtoto wa kizungu kwenye kitabu angetoka bila tatizo na mtoto wetu angepotea.

Hilo lilinikaa. Sikuwa na uwezo wa kubadili karatasi, maana karatasi nzuri ingefanya kitabu kisinunulike, lakini rangi ilikuwa yangu. Nilitumia karibu mwaka mzima kujifunza kupaka ngozi. Niliacha kabisa kutia nyeusi ndani ya kahawia. Nikaijenga kwa njano na majenta, na samawati kidogo tu kwenye kivuli. Nikawa napaka ngazi mbili juu ya weupe ninaoutaka, nikijua karatasi itanirudisha chini. Kati ya nywele nyeusi na usiku mweusi nikawa naacha ukingo mwembamba wa mwanga, kama ule unaouona mtu akisimama mlangoni taa ikiwa nyuma yake. Na siku hizi sikubali kitabu kichapwe kabla sijaona ukurasa mmoja wa majaribio kwenye karatasi yenyewe. Kuangalia kwenye skrini hakutoshi. Skrini ina taa ndani yake, karatasi haina.

Kutoka kwenye janga lile nikapata kitu nisichokitafuta. Nilipoanza kuchanganya kahawia kwa uangalifu, niliona jinsi nilivyokuwa nimewapaka watu wote rangi moja. Nyumba ya kwetu haiko hivyo. Tumbo moja, huyu maji ya kunde, huyu mweusi tititi, huyu mwekundu kama udongo wa Lushoto. Lugha yetu ina majina ya rangi za watu kwa sababu tunaziona, lakini kwenye vitabu tulikuwa tunafungua chupa moja iliyoandikwa kahawia tunapaka familia nzima. Sasa nikichora familia, nachanganya rangi ya kila mtu kwenye kisosi chake na kukiandikia jina. Kuna mama mmoja alinishika mkono kwenye maonyesho ya vitabu, akanionyesha binti yake, akasema mtoto ameweka kidole kwenye picha ya darasa zima na kusema, "Huyu mimi." Alikuwa amejichagua kwa rangi, kati ya watoto kumi na wawili niliowachora.

Kuna mambo ya kiufundi ambayo nitayapita haraka kwa sababu kila mchoraji huyapata kwa kuumia mara moja. Kurasa 16 zinatokana na karatasi moja kubwa ya mtambo, inachapwa kurasa nane kila upande na kukunjwa, kwa hiyo hadithi yako itajipanga kwa namba za karatasi hata kama inataka kurasa 19. Usiweke uso wa mtu katikati ya kurasa mbili. Mkunjo utakula pua. Waachie maneno nafasi tangu kwenye penseli, usije ukalazimika kuyabandika juu ya miguu ya mtu.

Suala la kukata picha halitaki haraka. Katika kitabu changu cha tatu nilichora mbuzi anaingia ukurasani kutoka kushoto, kichwa na miguu ya mbele tu, sehemu iliyobaki iko nje ya ukingo. Nilikuwa nimejifunza mtindo huo kwenye vitabu vya kigeni na niliuona una mwendo. Kwenye majaribio, mtoto mmoja akauliza miguu mingine iko wapi. Mwingine akamjibu kwamba mbuzi amechinjwa. Wakaingiwa na huruma, na hadithi nzima ikageuka. Mwalimu alitaka kuwasahihisha, nikamwomba awaache. Kwa nini mtoto ambaye hajawahi kushika kitabu aamini kwamba ukingo wa karatasi ni kama mlango, na kwamba mbuzi mzima yuko nje anakuja? Hayo ni makubaliano, na makubaliano lazima mtu aelezwe. Sikuacha kukata picha, lakini nimeweka utaratibu wangu: mara ya kwanza mnyama au mtu anapotokea namwonyesha mzima, kuanzia pembe mpaka kwato. Ukurasa unaofuata namkata kidogo, mkia tu. Baadaye naweza kumleta kwa pua, na watoto wenyewe watamalizia mwili kwa kupiga kelele, "Ni yule yule!"

Kisha kuna sungura. Hadithi zetu zimejaa sungura na fisi, na sidhani kuna mchoraji wa Kitanzania ambaye hajamchora sungura mara mia. Wa kwangu wa mwanzo alikuwa mweupe, mnene, masikio ya waridi kwa ndani, ameshika karoti. Mzee mmoja wa Handeni, aliyekuwa anamsubiri mjukuu wake nje ya maktaba, aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Binti, huyu anafugwa na nani?" Alikuwa sahihi. Yule ni wa kwenye banda. Sungura wa hadithi zetu ni wa porini: mwembamba, miguu mirefu, manyoya ya rangi ya majani makavu, masikio yana ncha nyeusi, mkia mweusi juu na mweupe chini. Hachimbi shimo. Mchana hujilaza kwenye kibonyeo kidogo katikati ya nyasi, ametulia, mpaka umkaribie kumkanyaga ndipo atoke kama mshale. Ukishamwona hivyo, hadithi nazo zinaeleweka. Mnyama asiye na shimo la kukimbilia, asiye na chonge wala pembe, ataishije na simba kama si kwa akili? Sungura mweupe mnene hawezi kuibeba hadithi ile. Na fisi vilevile, ukimpa mgongo ulionyooka umemnyima nusu ya tabia yake. Miguu yake ya nyuma ni mifupi kuliko ya mbele, mgongo unateremka, ndiyo maana kila wakati anaonekana kama mtu anayeondoka mahali akijua ana hatia.

Niliwahi pia kuchora hadithi ya Ugogo nikaijaza minazi na mapaa ya makuti, kwa sababu nyumba ya bibi kichwani mwangu ni ya pwani. Mhariri, aliyekulia Dodoma, alinirudishia michoro yote na kusema bibi yake aliishi kwenye tembe, paa lake bapa limefunikwa udongo, na watoto walikuwa wakiadhibiwa wakipanda juu. Nilisafiri kwa basi kwenda kuona. Ile adhabu ya kupanda juu ya paa ikawa ukurasa bora kuliko yote katika kitabu kile, na haikuwemo kwenye mswada.

Vijana wanaoanza huniuliza nilipataje mtindo wangu. Wengi wao wanajua kuchora kuliko nilivyojua mimi kwa umri wao, lakini wanautafuta mtindo kama mtu anayetafuta nguo ya sherehe. Mimi nilijaribu kuchora kama Tingatinga. Kwa nini nisijaribu? Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza mwaka 1968 pale Oysterbay na vipande vya ubao wa dari na rangi za kupakia baiskeli, akafa mwaka 1972, na katika miaka ile michache akaacha njia ambayo mamia wanaishi kwayo mpaka leo. Mnyama wake anajaza ubao wote, halazimiki kuwa na mlima nyuma yake wala mawingu. Naipenda njia hiyo kwa dhati, na mwenzetu John Kilaka ameonyesha jinsi inavyoweza kubeba kitabu kizima cha watoto, wanyama wamevaa mashati na vitenge. Lakini kwenye mkono wangu ilikuwa nguo ya kuazima.

Kilichokuja chenyewe kilikuwa kanga. Siku moja nilikuwa nimekwama kwenye ukurasa uliojaa vitu, soko zima, nikachora mstari kuzunguka ili nipate pa kushika. Mstari ukawa pindo. Nilipoona ni pindo, nikajua katikati ni mji na chini ni jina, na mikono ikaanza kufanya kazi bila kuniuliza. Tangu hapo kurasa zangu zina pindo. Ndani ya pindo naweka vitu vidogo vya mahali hapo, mbegu za korosho, samaki, siafu, na wakati mwingine vina safari yao wenyewe: siafu aliyeokota punje ukurasa wa 1 anaipeleka mpaka ukurasa wa 16 bila neno lolote kumtaja. Watoto humgundua kabla ya walimu.

Na maneno yangu na picha, nikipewa nafasi ya kuongea na mwandishi, havirudiani. Mwandishi akiandika "Bibi alikasirika," sichori uso umekunjamana. Nachora mwiko umesimama wenyewe katikati ya ugali, sufuria bado iko motoni, na bibi amegeukia mlango. Mtoto anayejua ugali anajua ni nini kimetokea. Niliwahi kuambiwa na mhariri kwamba picha kama hiyo ni ngumu kwa darasa la kwanza. Nilikwenda nayo darasa la kwanza. Walisema: "Ugali utaungua."

Kuhusu malipo nitasema wazi, kwa sababu nilinyamaza miaka mingi na kunyamaza hakukunisaidia. Mwandishi kwa kawaida hupata mrabaha, asilimia ya kila nakala inayouzwa. Mchoraji kwa kawaida hulipwa mara moja, kwa kila picha, na basi. Kitabu kikichapwa tena mara tano, yeye hana habari. Mimi nilikutana na picha zangu juu ya jalada la daftari dukani Kariakoo, zimekatwa kutoka kwenye kitabu nilichokichora miaka minne kabla. Nilipokwenda kuuliza, nilionyeshwa mkataba wenye sahihi yangu, na ukurasa wa pili unasema nimeuza haki zote. Sikuusoma ule ukurasa. Nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa na nilifurahi kupata kazi.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Haki ya aliyebuni kazi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Yaani michoro yangu ingeweza kumsaidia mjukuu wangu, nami niliitoa kwa malipo ya mwezi mmoja. Siku hizi nauza ruhusa ya kuchapa, siuzi michoro. Mkataba wangu unataja kitabu kimoja, lugha moja, na nakala ngapi, na ukisema kitachapwa tena basi tunarudi mezani. Michoro halisi inarudi nyumbani kwangu. Wachapishaji wawili waliniacha kwa sababu hiyo. Wengine walikubali, na mmoja ananipa nusu ya mrabaha, sawa na mwandishi, kwa vitabu vya watoto wadogo ambamo picha ndiyo inabeba hadithi. Naamini hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa kwa kila kitabu cha namna hiyo, na nitaendelea kulisema kila ninapopata wa kunisikiliza.

Siku hizi rangi napaka kwenye tableti. Naweza kusahihisha ngozi ya mtu dakika ya mwisho, na sina haja ya kusafirisha karatasi zilizofungwa kwenye nailoni wakati wa masika. Dami bado naifanya kwa penseli, kwa sababu mtoto hawezi kuweka kidole kwenye tableti bila ukurasa kuruka.

Mwaka jana mchapishaji mmoja alinipigia simu. Alikuwa na kitabu chenye picha tayari, zimetengenezwa kwa akili mnemba, akaniomba nizipitie tu na kusahihisha vidole. Nilimwambia anitumie. Zilikuwa zinang'aa, za rangi nzuri, ngozi imepata mwanga ambao ulinichukua mimi mwaka mzima kuujifunza. Ukurasa wa 9 kulikuwa na msichana amembeba mdogo wake mgongoni. Fundo lilikuwa moja, begani. Kitambaa kilikuwa kinaning'inia. Miguu ya mtoto ilikuwa imenyooka ndani yake, pamoja.

Nilikaa na picha ile kwa muda mrefu. Lilikuwa kosa langu lenyewe, mstari kwa mstari, na lilikuwa limetokea kwa njia ile ile niliyolifanya mimi. Hakuna aliyeuliza mgongo. Nilimrudishia mchapishaji na maelezo ya ukurasa mzima juu ya mbeleko, na mchoro wa penseli pembeni. Akaniuliza kama watoto wataona tofauti. Nikamwambia aende na kitabu hicho shule yoyote ya vijijini, afungue ukurasa wa 9, asiseme kitu. Hakunipigia tena kwa wiki tatu. Alipopiga, alikuwa anaulizia bei yangu ya kitabu kizima.

Kitabu hicho kilitoka mwezi wa tatu. Yule msichana wa Kisarawe sasa ni mtu mzima, pengine ana wa kwake wa kubeba, na sijui aliko. Nilipeleka nakala mbili shuleni kwao.

Kwa sasa mezani nina mswada wa mvulana na babu yake, wavuvi wa ngalawa. Nimekulia Tanga, nimeziona ngalawa maisha yangu yote, na juzi nilipokaa kuchora tanga limejaa upepo niligundua kwamba sijui demani, ile kamba inayolishika tanga, inafungwa wapi babu akitaka mikono yote miwili kwa ajili ya nyavu. Nimeshachora mlingoti na foromali, ule mti unaobeba tanga. Kamba yenyewe nimeiacha haina mwisho. Jumatatu napanda basi la Pangani, na nimemwomba mwenye chombo mmoja aniruhusu nikae ndani wakati wanatoka alfajiri, penseli nimezichonga sita.